Hana Matakwa Maalumu

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ya mama mpelekee wewe mwenyewe, tena kwa sikio la kushoto, maana uliniambia la kulia siku hizi linasikia linachotaka tu. Goti lako linaendeleaje? Huyo daktari aliyekukataza ngazi anajua kwamba nyumba yenu ina vidato viwili tu, au alisema ili mradi naye amesema? Watoto wa marehemu kaka nawasalimu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa wao hadi yule mdogo ambaye bado sijamwona hata kwa picha.

Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi kilichonisumbua wakati wa baridi kimeondoka, na miwani mipya imenikaa vizuri ingawa inanifanya nionekane kama karani wa mahakama. Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, ufunguo bado mkononi, halafu nikaisoma tena nimekaa. Uliniuliza mambo matatu: kwa nini sauti yangu kwenye simu imekuwa ya mtu aliyeamshwa, ile picha ya koti jeupe nilipigwa wapi, na kama tarehe uliyoichagua kwa shughuli ya kunipongeza inafaa, ijapokuwa mwenyewe sitakuwepo. Nitakujibu yote matatu. Naomba tu uvumilie urefu. Najua hupendi barua ndefu. Miaka ishirini na miwili ya ualimu mkuu ilikufundisha kuandika neno moja pembeni mwa kila insha, nalo ni "fupisha".

Na ombi jingine, kabla sijaanza. Hii usiisomee sebuleni. Mama akiona bahasha anavuta kiti, na jirani yake naye anavuta cha kwake. Mwambie ni mambo ya karatasi tu, kisha ingia chumbani kwako ufunge mlango. Ukimaliza utaamua nani asikie nini.

Picha ilipigwa kwenye ngazi za chuo, siku ya matokeo. Koti ni langu, la kwanza kushonwa kwa vipimo vyangu. Zamani nilivaa ovaroli ya buluu iliyokuwa ya mtu mwingine, na mifuko yake ilikuwa chini mno, kama ya kangaruu.

Kazi yangu ya miaka kumi na minne unaijua: kufagia karakana ya meno. Watu wakisikia meno wanafikiria kiti, taa, na daktari aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Karakana iko nyuma kabisa na haina mgonjwa. Ni chumba kirefu chenye meza za mbao zilizokatwa ukingoni kama mwezi mchanga ili fundi aingize kifua, na kila meza ina taa ya spiriti, visu vya nta na droo ya bati ya kukusanyia chembe. Kutwa nzima mafundi wanamimina plasta, wanaikata, wanaisugua. Ikifika jioni vumbi jeupe limetua juu ya kila kitu, hata juu ya nyusi zangu. Hilo ndilo nililolifagia. Ualimu wangu wa kemia ulibaki na vyeti, vyeti vikabaki kabatini, kabati likabaki kwenye nyumba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kuiona. Haya unayajua. Sikuyaandika ili unihurumie, nimeyaandika ili hesabu ya miaka ikae sawa.

Chuo kilipobandika tangazo kwamba kinapokea watu wa umri wowote kusomea ufundi sanifu wa meno ya bandia, kwa kuwa vijana hawaitaki kazi hii, mimi nilijiandikisha kwa sababu ya mgongo. Nilitaka kazi ya kukaa. Mama ameshawaambia watu kwamba niliitwa na wakubwa baada ya kuona kipaji changu. Mwache, lakini wewe ujue ni mgongo. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Darasani walinipokea kwa kuniita Babu, na mmoja wao aliniuliza kwa adabu kubwa kama nimekuja kusoma au kupimwa. Miezi mitatu ya kwanza tulichonga meno kwa vipande vya sabuni, ili mkono ujue umbo la kila jino. Magego yangu niliyaona ni haramu kuyatupa, kwa hiyo nilioga kwa magego mwaka mzima.

Aliyetufundisha, na ambaye pia ndiye mtahini mkuu, tulimwita Bwana Milimita. Ana kirula kidogo cha shaba mfukoni mwa koti, na nimewahi kumwona akipima unene wa kipande cha mkate kabla ya kula, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Si mtu mbaya. Alikuwa akinieleza jambo mara mbili pale alipowaeleza wengine mara moja, na hakunidhalilisha kwa hilo. Sheria yake ilikuwa moja: mtihani wa vitendo unafanywa mara tatu tu maishani. Ukishindwa mara ya tatu, jina lako linafungwa.

Mara ya kwanza nilishindwa kwa sababu meno ya nyuma yaligongana kabla ya ya mbele, na mgonjwa akauma kama anayetafuna kokoto. Mara ya pili seti yangu ilikuwa nzuri. Niliiosha kwenye sinki asubuhi ya mtihani, ikaniponyoka, ikavunjika vipande viwili. Kila mtu katika kazi hii anajua kwamba unajaza maji sinkini kwanza ndipo unaosha meno ya bandia, ili yakidondoka yadondokee kwenye maji. Mimi niliyekuwa nikiwajazia wenzangu maji kwa miaka kumi na minne, siku hiyo sikujijazia. Nilizikusanya zile nusu mbili kwa mkono na nikaomba ufagio.

Basi ikabaki mara ya tatu. Nina miaka sitini na moja, dada. Sijui kama nimewahi kukueleza jinsi ninavyoamka. Ninakaa kitandani dakika kumi nikiangalia viatu, nikisubiri miguu ikubali. Mtu anayesubiri hivyo kila asubuhi hawezi kusema kwamba atajaribu kitu kingine mwakani. Mkuu wa karakana aliniahidi meza yangu, ile ya dirishani, nikifaulu; nikishindwa, ufagio. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu anayepanga samani.

Sasa nikueleze mtihani unavyokwenda, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kila mtahiniwa anapewa mgonjwa mmoja wa kujitolea, mtu asiye na jino hata moja. Mgonjwa anakuja mara tano, na mwisho anaondoka na meno kamili bila malipo. Siku ya kwanza, kabla daktari hajachukua chapa ya kinywa, mtahiniwa anajaza fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa pili, chini kabisa, kuna mstari wa matakwa ya mgonjwa: anataka meno yake yafananeje, yaweje. Pembeni yake kuna kisanduku kilichoandikwa "Hana matakwa maalumu". Tangu chuo kianze, dada, sijamwona mwanafunzi aliyeuliza swali lile. Tunaweka alama kwenye kisanduku na kugeuza karatasi. Tunafundishana hivyo wenyewe kwa wenyewe, kama tunavyofundishana kuwasha taa ya spiriti. Nami niliweka alama, nikamsogezea mgonjwa fomu, nikamwambia, weka sahihi hapa mama, ni kawaida tu. Hakuwa na miwani yake. Akaweka.

Maneno hayo hayo nimeambiwa mimi kwenye madirisha mengi ya maofisi tangu tutawanyike, na wewe pia.

Mgonjwa wangu alikuwa bibi wa miaka sabini na minane ambaye tulimwita Mama wa Simu, kwa sababu alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini na mmoja, enzi zile mtu akiinua mkonga anasikia kwanza sauti ya mwanamke ikimuuliza anamtaka nani. Alipoingia aliangalia darasa zima akauliza nani mkubwa kuliko wote. Walinisukuma mbele. Akasema afadhali, wazee tutaelewana, kisha akaniuliza umri, na nilipomtajia akasema kumbe bado kijana. Tangu siku hiyo akaniita kijana, na darasa likapata cha kucheka kwa mwezi mzima.

Ni mtu wa maneno. Wakati nta inapoa kinywani mwake alinyamaza kwa shida kama mtoto msikitini, na ikitoka tu anaendelea pale pale alipokatishwa. Alinieleza kwamba kwa miaka yote ile alipendwa na watu wasiomjua sura. Barabarani alipita kama mtu yeyote. Lakini siku moja aliingia dukani akaomba sukari, na mwanamume aliyekuwa mbele yake akageuka ghafla, akamwambia yeye ndiye aliyemuunganisha na hospitali usiku mkewe alipojifungua, na akaanza kulia palepale kati ya magunia. Alimjua kwa neno "sukari" tu. Aliponisimulia hayo hakujisifu. Alikuwa ananieleza tu kwamba yeye alikuwa sauti, na hicho ndicho alichokuwa nacho.

Ziara ya tatu ndiyo ya kujaribu meno yakiwa bado yamepandwa kwenye nta. Tunamwambia mgonjwa ahesabu kuanzia sitini, kwa kuwa "sitini na sita" na "sitini na saba" zinaonyesha upesi kama ulimi umepata nafasi yake. Meno yangu yalikuwa mazuri, dada, naomba uniamini. Yalikaa sawasawa, katikati kabisa, yakigusana kama wanajeshi. Akaanza kuhesabu, na kila s ikatoka na mluzi. Akasimama, akajaribu tena, mluzi. Akacheka akasema nimemfanya birika. Kisha akaacha kucheka akaniomba kioo, akajitazama muda mrefu, akaniuliza mwanya wake uko wapi. Alikuwa na mwanya tangu alipoota meno ya utu uzima. S yake ilikuwa inapita hapo. Aliomba nimrudishie, hata mdogo, alisema, hata wa kupita karatasi.

Nilikwenda kwa Bwana Milimita na kumuuliza kama vile ni jambo la mtu mwingine. Akajibu kama vile anaamini. Alisema kipengele cha saba cha kanuni za mtihani hakina mjadala: meno mawili ya mbele lazima yagusane, na asiyetimiza anaanguka hata akipata alama zote kwingine. Isipokuwa, akasema, mgonjwa mwenyewe awe ametaka mwanya, na matakwa hayo yawe yameandikwa kwenye fomu ya siku ya kwanza. Akafungua faili. Alama yangu ilikuwa pale, nzuri, ya wino mweusi, ya mtu aliyekuwa mwalimu. Nikauliza kama fomu inaweza kufunguliwa upya. Akasema fomu iliyosainiwa inafunguliwa kwa kumbadilisha mgonjwa tu, na kumbadilisha mgonjwa ni kupoteza jaribio. Alifunga faili polepole. Akasema kila mtu anaweka alama pale, na nilisikia kwamba hata yeye hakulipenda alilolisema.

Jioni ile nilipiga simu huko kwenu. Utakumbuka, wewe ulikuwa unapika, mama ndiye aliyepokea. Nilitaka kusema nimechoka, naacha. Kabla sijafika hapo mama alinieleza kwamba amemwambia nesi anayempima shinikizo la damu kwamba mwanawe wa mwisho anakuwa daktari wa meno, na nesi amesema atamletea swali. Alikuwa na furaha, dada. Alizungumza bila kupumua. Nikasema vizuri, mama.

Ziara iliyofuata nilimwambia Mama wa Simu kwamba mwanya hauwezekani. Nilimweleza kwa utulivu, nikitumia mkono wangu na kipande cha nta, kwamba plastiki hii ya waridi ya ufizi haina nguvu, kwamba jino lisiposhikwa na mwenzake litachomoka akiuma mkate. Nilitumia hata neno moja la kemia. Yote yalikuwa uongo. Mwanya wa milimita moja ungeweza kukaa miaka kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba fundi ni mimi, na akafungua kinywa ili niendelee.

Siku ya mtihani watahini walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu. Walipima, wakaangaza taa, wakamwambia aume, afunge, acheke, ameze maji. Kisha Bwana Milimita akamwomba ahesabu. Nilikuwa nimesimama kando ya dirisha, mikono nyuma, na nilijua kinachokuja. Hakikuja. Alihesabu taratibu, kwa sauti ya chini na nzuri ajabu, akiubana mdomo kidogo kila alipofika kwenye s, akiipitisha kando ya ulimi kama mtu anayebeba sahani iliyojaa. Sitini na sita ikatoka safi. Sitini na saba, safi. Alikuwa amejizoeza nyumbani, kwa ajili yangu mimi. Kwenye karatasi waliandika: matamshi, mazuri. Nilipata alama themanini na tatu, na watu wa darasa langu wakanibeba juu, jambo ambalo kwa umri wangu si salama.

Hilo ndilo mnalotaka kulisherehekea. Cheti ni cha kweli, na alama ni za kweli.

Baada ya wiki tatu sheria inamtaka fundi ampigie mgonjwa wake kumuuliza kama kuna mahali panapobana. Nilimpigia kutoka kwenye meza yangu mpya. Akapokea, akatambua ni mimi, akafurahi, kisha akasema ngoja kidogo kijana, niyatoe kwanza tuzungumze vizuri. Nikasikia akiyaweka kwenye bilauri. Nikamuuliza kama huwa anayatoa kila mara anapozungumza kwenye simu. Akasema ndiyo, lakini nisiwe na wasiwasi, kwa kulia chakula ni mazuri sana, na kwa picha pia. Kwa simu alikuwa anaona haya watu wasikie mluzi. Sauti yake bila meno ilikuwa imelegea, maneno yakimwagika pembeni. Alizungumza hivyo, akaniuliza habari za mgongo wangu, akanishukuru.

Nilimaliza ile simu vizuri. Nikajaza kwenye daftari: hakuna malalamiko. Halafu nikashindwa kunyanyuka. Mkuu wa karakana alidhani ni mgongo, akanitafutia mto.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwake. Anakaa chumba kimoja juu ya duka la vioo, ngazi zake zingeliua goti lako. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: alama kwenye fomu, sahihi, kipengele cha saba, plastiki. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama ningemsomea ule mstari siku ile ya kwanza, ingechukua muda gani. Nikamwambia sekunde tano. Akatikisa kichwa. Akasema katika kazi yake sekunde tano zilikuwa nyingi, mtu angeweza kuunganishwa na mji mwingine. Kisha akayatoa meno kwenye bilauri, akayafuta kwa pindo la nguo yake, akanipa, akasema basi kata.

Hapa kuna jambo lazima ulijue. Kazi ya mtihani, hata ikiwa kinywani mwa mtu, ni mali ya Bodi ya mitihani kwa miezi kumi na miwili. Ndani ya ile plastiki ya waridi kuna namba yangu. Bodi inaweza kuiita kazi yoyote ili ipimwe upya, na kazi iliyoguswa baada ya mtihani inafuta matokeo. Niliijua sheria hiyo kama ninavyoijua njia ya kwenda kazini. Nilikata Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana, wenzangu wakiwa nje juani. Nilitumia kisahani cha kukatia kilicho chembamba kuliko vyote. Ilichukua dakika arobaini, pamoja na kung'arisha. Sinki nililijaza maji. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna aliyeiona isipokuwa mwenyewe, ambaye nilipompelekea jioni aliivaa, akaenda dirishani akanipa mgongo, na akazungumza peke yake kwa muda, maneno ambayo sikupaswa kuyasikia, kwa hiyo nilihesabu vigae vya sakafu.

Nilidhani mwaka utapita. Wanaita kazi mbili au tatu kati ya arobaini. Jumanne, dada, niliikuta barua yako chini ya mlango, na chini ya yako ilikuwa nyingine, yenye muhuri. Wameiita yangu. Jumatano hii, saa tatu asubuhi, mtahiniwa na mgonjwa wafike pamoja.

Sasa umelipata jibu la sauti yangu.

Nilimpelekea Mama wa Simu habari siku hiyo hiyo. Hakushtuka hata kidogo. Akasema ni rahisi, atawaambia kwamba aliyakereza mwenyewe kwa tupa ya kucha, kwa ukaidi wa uzee, na fundi hana habari. Akalifanyia mazoezi mbele yangu kwa sauti ya kazini, ile ya kumwinua mtu kitini. Akaniambia niwe na amani, maana mtu aliyesema "bosi ametoka" mara kumi kwa siku kwa miaka thelathini na mmoja, huku bosi akila njugu karibu yake, hashindwi na wazee watatu. Nilicheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka hivyo tangu sijui lini. Na nakiri kwako, kwa dakika kadhaa niliukubali uongo huo moyoni. Niliiona meza yangu ya dirishani. Nilimsikia mama.

Kisha nikamwomba asiseme. Alikasirika kweli kweli. Aliniambia meno ni yake, kinywa ni chake, na hakunituma nimfundishe adabu. Aliniita mbishi, akaniita karani. Nikamwambia nimeshaweka maneno kinywani mwake mara moja, kwenye ile fomu, na sitaki kuyaweka tena. Akaniuliza kama nimekula. Tukakubaliana kwamba nitaanza kuzungumza mimi, nieleze kila kitu tangu fomu, na yeye atasema atakalo baada yangu, akiwa na meno yake ndani. Sijui Bwana Milimita atafanya nini. Nadhani atapima mwanya kwa kile kirula, kwa kuwa hawezi kujizuia, na ataona ni milimita moja kamili. Lakini sheria ni yake, nami sitegemei kitu.

Kwa hiyo, dada, shughuli iahirishe. Watu waliokwishaalikwa waambie tarehe haifai. Nguo uliyoniwekea itunze tu. Watahini wakinifungia jina nitarudi kwenye ovaroli. Mkuu wa karakana bado hajampata mtu wa kufagia, amekuwa akifagia mwenyewe na anafagia vibaya. Usidhani nimevunjika moyo. Nimechoka, hilo nisikufiche, nimechoka kuliko nilivyochoka ile wiki tuliyotembea kwa miguu, na wakati ule nilikuwa nimembeba mama. Ila nalala vizuri tangu Alhamisi ile.

Kuhusu mama nimefikiri sana. Nilitaka kukuomba usimwambie lolote mpaka majibu yatoke, lakini ana miaka themanini na sita na hastahili kujengewa tena nyumba atakayokuja kuondolewa. Msubiri anywe chai, kaa upande wa kushoto, mwambie taratibu. Akiuliza kama mwanawe ni daktari, mwambie hapana, hakuwahi kuwa, na kwamba aliyeyasema hayo kwa nesi ni yeye mwenyewe. Mwambie mwanawe ni fundi, na kwamba hilo ni la uhakika mpaka Jumatano. Akitaka kukasirika, akasirike. Nitapiga simu Jumatano jioni na nitampa yeye nafasi ya kusema kwanza.

Wasalimie watoto, na umfikishie salamu zangu jirani mwenye kiti chake. Goti liwekee kitambaa cha moto jioni, usiwe mkaidi kama wagonjwa wangu. Mungu akuweke wewe, amuweke na mama, na atukutanishe sote tukiwa bado tunatambuana.

Ndimi mdogo wako,
kitindamimba wa nyumba yetu